Baiskeli ya Vyondo na Zamu Yake

Wewe umewahi kubeba baiskeli mgongoni? Kama hujawahi, basi keti uniache niseme.

Mimi nimemwona aliyeibeba. Ni Kavata wa Matinyani, mjane wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye mwanya mpana na kicheko kinachopita hapo kama upepo mlangoni. Alijifunza kuendesha baiskeli akiwa tayari na wajukuu. Siku ya kwanza aliangukia ua wa mkonge, akachomwa mahali pasipoonyeshwa watu, akainuka na kusema, "Sasa tumefahamiana."

Baiskeli yenyewe, nyeusi, ya chuma kizito, ilikuwa mali ya mwethya, kikundi cha akina mama wanaosaidiana kulima na kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Ilikuwa na kazi mbili. Kila mwezi ilizunguka kukusanya vyondo kwa wasukaji: Matinyani, Kitui mjini, Kisasi, chini hadi mto Athi, ng'ambo Kathonzweni na Wote, kisha nyumbani. Siku nyingine ilimchotea maji mama yeyote wa kikundi aliyejifungua, siku arobaini mfululizo. Hiyo kazi ya pili wanaume hawakuitambua, kwa kuwa nyumbani mwao maji hujileta yenyewe.

Agosti mwaka wa 1987, mzee Kiilu, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alisimama baada ya ibada akatangaza kwamba mwanamke juu ya baiskeli ni aibu kwa kijiji. Kanisa lilichangia harambee ya kuinunua, kwa hiyo ikabidhiwe mtu anayefaa. Mtu huyo, kumbe, alikuwa yeye mwenyewe.

Mimi nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, kichwa kimejaa usawa mpaka kofia hainitoshi. Nikaruka juu nikahutubu nusu saa. Nyanya wawili wakasinzia. Nilipotua, Kavata akauliza kwa upole, "Mzee, nikizunguka njia yote kwa siku tatu, bila mwanamume kuigusa, utatuachia?"

"Nitawaachia. Lakini ikiguswa hata kwa kidole, ni yangu."

"Na shahidi?"

"Huyu msomi. Baiskeli ya kakake anayo, na kazi hana."

Tukaondoka Jumatatu. Njia nzima nilimhubiria Kavata kuhusu ukombozi wake. Tulipofika kwenye mteremko wa Kisasi akageuza shingo: "Mwanangu, hiyo pumzi ungeipeleka miguuni." Akaachia breki, akaniacha na vumbi. Kila kituo wasukaji walituwekea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, na kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtukana. Yeye alionja. Mimi nilimaliza, kwa heshima ya jamii, kisha nikapanda vilima nikiwa mzito kama gunia.

Athi ilikuwa na maji ya magotini, na mchanga wake ulinata. Gurudumu la mbele likazama mpaka nusu. Wanaume waliokuwa wakinywesha ng'ombe wakaanza kucheka. "Mwaitu, mama yetu, tukusaidie?"

"Msiguse!"

Akafungua kyondo akatoa mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao mama zetu hubebea kuni. Akaifunga baiskeli, akachuchumaa, akauweka ukanda kwenye paji la uso, akasimama. Vicheko vikakatika. Hata ng'ombe, naapa, waliacha kunywa.

Katikati ya mto jiwe likateleza chini ya mguu wake. Akayumba. Na mimi, mtetezi wa wanawake, nikaruka nikashika tandiko.

"Toa mkono, wewe!"

Nikautoa. Vilikuwa vidole viwili tu. Labda vitatu.

Hatukulizungumza tena. Alifika ng'ambo, akapanda, akazunguka Kathonzweni na Wote, na Jumatano jioni tukaingia Matinyani, keria imejaa vyondo. Watu walijaa uwanja wa kanisa.

"Msomi," Kiilu akasema, "kuna mwanamume aliyeigusa?"

Nilikuwa nimeshatunga uongo mzuri, wenye utangulizi na hitimisho. Kavata akaniwahi.

"Aliigusa yeye. Mtoni. Sitamwachia mtoto wa watu dhambi kwa ajili ya chuma."

Kiilu akatabasamu mpaka masikioni. Mimi nikatamani mchanga wa Athi unimeze. Kikundi kizima kilikuwa kimepoteza miguu yake kwa sababu ya vidole vyangu.

Ndipo Muthoki, msukaji mzee kuliko wote, akajikongoja mbele. "Mzee, sheria ya mwethya unaijua?"

"Nimezaliwa nayo. Achukuaye jembe la mwethya huchukua na zamu yake."

"Na unaikubali?"

"Mbele ya watu wote hawa!"

Akina mama wakaangaliana. Kavata akafungua vyondo kwenye keria, polepole, akafunga mitungi miwili ya maji mahali pake. "Basi pokea, mzee. Ndila wa Mutie amejifungua leo asubuhi. Siku arobaini, kuanzia kesho."

Kulipokucha nilikwenda kwa Kavata kuomba msamaha. Nilipofika langoni nikamwona mzee Kiilu akitokea njia ya kijito chetu, suruali ya ibada imekunjwa magotini, anaisukuma baiskeli, maana kuiendesha hakuwahi kujifunza. Nyuma yake wanawake waliotoka kuteka maji walimwimbia wimbo wa mwethya, ule wa kumtia moyo mlimaji mvivu. Mtungi mmoja ulikuwa umemwagika wote. Akashusha mwingine kwa Ndila, nyumba ya jirani, akaja moja kwa moja, akaegemeza baiskeli kwenye ua wa mkonge, akapiga kengele mara tatu.

"Kavata! Njoo umchukue mnyama wako!"

"Amekushinda, mzee?" sauti ikatoka jikoni.

"Hajanishinda. Nimekuhurumia."

Akakung'uta mchanga, akashusha suruali, akaondoka kwa miguu, mbio kuliko alivyokuja.