Githeri ya Tata na Mashine ya Altrasaundi

Hata leo nikikutana na mama mjamzito mjini Embu nageuza uso, nikidhani ananijua. Ilikuwa miaka ya tisini, nachuma kahawa Githongo (kabla ya hapo nilichuma majani chai Kibugu, mimi sikai mahali pamoja), na kwa miezi miwili nilikuwa nikienda choo naona damu. Baba alikufa kwa saratani ya utumbo, kwa hivyo niliogopa. Daktari akanituma Embu nikapigwe altrasaundi ya tumbo, nisile kitu tangu jioni.

Nililala Kanja kwa Tata, dada ya baba. Asubuhi akanipakulia githeri, mahindi na maharagwe, na kwetu ukiacha sahani ya tata yako imejaa atakuuliza umesikia nini juu yake. Nikala. Nikajiambia mashine inatafuta saratani, haitafuti maharagwe.

Foleni yote ilikuwa ya mama wajawazito, nami katikati, nikajiuliza kama daktari aliyenituma alisoma kadi ya mtu mwingine. Ndani tulitenganishwa nao na pazia tu. Daktari wa mashine, msichana mdogo, akanipaka mafuta baridi tumboni.

"Umekula?"

"Hapana."

Akazungusha kile kidude, akakunja uso. "Naona hewa tupu. Lakini hapa ni kama utumbo umekuwa mnene." Akamwita mwenzake.

Nikachanganyikiwa, nikapaza sauti kama anayeungama kanisani: "Daktari, ni githeri! Sahani mbili! Ni Tata alinipa!" Papo hapo ile hewa ikatoka, na sauti yake ikafika mbali kuliko yangu.

Nyuma ya pazia mama mmoja akasema, "Wooi! Huyu amejifungua!"

Wakacheka wote. Daktari akasema nirudi kesho na njaa, lakini nilikuwa nimeshatoka mbio, shati wazi, tumbo linang'aa, nimeapa sirudi. Ule unene bila shaka ni maharagwe.

Nilipomsimulia Tata hakucheka. "Baba yako pia alisema ni chakula tu." Jioni hiyo akaninyima hata chai, kesho yake akanishika mkono kama mtoto hadi kwenye lile pazia.

Hewa ilikuwa imeisha. Ule unene ulikuwa palepale.

Wakanipasua, wakakata kipande cha utumbo, na daktari akasema saratani tumeiwahi. Mambo ya mashine ile bado siyaelewi. Ila nimeapa: nikiulizwa hospitalini nimekula nini, nitataja hadi chumvi, na foleni yote isikie.