Majani Mabichi Juu ya Mawe ya Munigi

Sigara mutu anaijua kwa vidole kabla ya kuiweka mudomoni. Unaishika katikati, unaizungusha polepole karibu na sikio. Ikilia kama majani makavu ya ndizi, ujue imekaa sana kwa jua, itaungua mbio na kukuchoma ulimi. Ikinyamaza kabisa, imekula unyevu. Utavuta mpaka mashavu yaingie ndani na moshi hautakuja. Ile nzuri inasema kidogo tu. Mambo haya sikufundishwa na mwalimu. Shule niliiacha mapema, mbuzi za baba zilinihitaji zaidi. Nilifundishwa na Birere, mutaa wa soko kule mujini, mahali nilikuwa nauza sigara moja-moja juu ya kartoni, miaka ile ya vita kufuatana na vita.

Kulikuwa motari mumoja, mwenye kubeba watu kwa pikipiki, mwenye mudomo mubaya, kila asubuhi ananikuta.

"Papa, hii sigara yako iko na mbao ndani! Ningojee nilete sufuria, tupike maharagi."

Tulicheka, lakini alikuwa na haki. Jani la tumbako lina mushipa mukubwa katikati, na wenye mashini wakiwa na haraka wanasaga mushipa pamoja na jani. Ukivuta, unasikia *ta!*, cheche inaruka, inakutoboa shati. Mashati yangu ya miaka ile yote yalikuwa na matundu kifuani, mutu angedhani nimepigwa risasi ndogo-ndogo. Na paketi mbili za jina moja, rangi moja, moja inakuwa tamu, ingine ni kama kuvuta mukeka. Karatasi nayo: kuna ile inayoungua upande mumoja, upande wa pili unabaki unakuangalia. Kwa nini, sijui. Ndani ya izini, kule wanatengeneza sigara, sikuingia hata siku moja. Nasema tu kitu koo langu lilijua.

Lakini nilitaka kusema habari ya baba yangu, naona nimekwisha kupotea.

Baba hakuzipenda sigara zangu. Nilipomuletea ya kwanza, aliigeuza-geuza kama mutu aliyepewa mukia wa panya.

"Hii haiko tumbako," akasema. "Hii iko karatasi. Na hii pamba ya nini? Mudomo wangu uko na kidonda?"

"Papa, inaitwa filitre. Inachuja moshi."

"Kama moshi ni muzuri, unachuja nini?"

Kwetu, kwenye milima ya Masisi, tumbako ilikuwa inalelewa kama ndama. Baba alikuwa anaipanda nyuma ya nyumba, pale mavi ya ng'ombe yalilala. Ikianza kutoa maua, aliyakata, ili nguvu yote irudi kwa majani. Aliacha muti mumoja tu, ule wa mbegu. Majani aliyachuma kutoka chini akipanda juu, kidogo-kidogo, kila jani likiwa tayari. Halafu aliyafunga kwa kamba ya mugomba na kuyatundika ndani ya jiko la mama, juu, mbali kidogo na moto. Hapo ndipo ilikuwa kazi ya kungoja. Jani linageuka kwanza njano, njano ya ndizi iliyoiva, na kisha rangi ya ng'ombe wetu.

"Jani lisipopita kwa njano," baba alikuwa anasema, "halikufa vizuri. Linabaki na hasira."

Kisha aliyaviringa ndani ya maganda ya mugomba, akayaacha yatoe jasho mpaka yanukie kama asali iliyosahauliwa ndani ya kibuyu. Kiko kimoja cha tumbako ile kilikuwa kinaungua polepole. Baba alikuwa anakiwasha na kaa la moto, anaanza habari ya ng'ombe mumoja, anaingia kwa habari ya mama yake yule ng'ombe, na ya mutu aliyetupatia yule ng'ombe, na ya harusi ya mutu yule, na kiko kinaendelea tu. Watu wanaonilaumu kwamba nasema sana, wangemusikia yeye. Hata muchungaji alishindwa naye. Katika kanisa letu tumbako ilikataliwa, basi baba alikuwa anazima kiko mulangoni kwa kidole gumba, anakitia mufukoni. Siku moja hakikuzimika vizuri. Tuko katikati ya maombi, koti la baba linatoa moshi. Mama aliomba akiwa amefumba macho na anacheka.

Vita ilipotufikia mara ya kwanza, tumbako ilikuwa ingali juu ya jiko, imefika kwa njano. Tulikimbia na mutoto mugongoni na sufuria kichwani. Baadaye tulisikia kwamba wapiganaji walilala ndani ya jiko lile na wakaivuta yote. Ng'ombe pia walichukuliwa, lakini baba hakusema mengi juu ya ng'ombe.

"Wameivuta ikiwa njano!" alirudia njia yote. "Watapike! Watapike hata matumbo!"

Tangu hapo watu wetu tukapata desturi ingine. Ukisikia bunduki upande wa mulima, hungoji, unavuna. Maharagi tulikula yakiwa mabichi, viazi tuling'oa vikiwa kama gololi, mahindi yakiwa maji matupu. Afazali tumbo la mutoto wako kuliko la askari. Tulirudi nyumbani, tukakimbia tena, tukarudi, tukakimbia, na kila mara tulivuna kabla ya wakati. Kuna watoto walikomaa bila kujua ladha ya haragi lililokauka shambani.

Hivyo ndivyo tulifika Munigi, kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya mabashi ya plastiki, juu ya mawe meusi ya volkano. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Baba alikuwa amekonda, kifua kinapiga kelele kama mulango wa zamani. Nilijaribu kumufurahisha. Siku moja nilimuletea tumbako ya majani, niliyonunua kwa mama mumoja aliyetoka Vitshumbi na samaki wa chumvi. Ilikuwa imesafiri ndani ya gunia moja na wale samaki. Baba akavuta mara moja, akakitoa kiko mudomoni, akaniangalia.

"Mwana wangu, unaniletea tumbako ao unaniletea mboga?"

Ndipo akanionyesha kichupa cha dawa ya macho. Ndani kulikuwa mbegu za kwetu, ndogo kama vumbi. Alikuwa ametembea nazo ndani ya koti kwa kila mukimbio, na sikujua.

"Nataka kiko kimoja cha tumbako yetu," akasema. "Kimoja tu. Na niwaachie mbegu. Kisha munizike popote, hata hapa kwa mawe."

Mbegu zilikuwa zimezeeka, hakujua zipi zingali hai, basi aliamua kuzipanda zote, asibakize hata moja. Tulichukua udongo mbali, tukaujaza ndani ya mifuko ya unga, tukaipanga kuzunguka bashi. Mama jirani, mwenye kucheka watu, alipita na kidumu cha maji.

"Muzee, sisi tunakosa mboga, hata lenga-lenga, wewe unapanda moshi?"

"Nitakupa uvute, mama. Utasahau lenga-lenga."

Miti iliyoota ilikuwa michache, lakini iliota. Baba aliiosha majani kwa kitambaa, vumbi la barabara lisikae. Kikohozi kilipungua, ao pengine nilitaka kipungue. Maua yalipokuja aliyakata, akaacha muti mumoja wa mbegu, pale karibu na mulango, akaufungia kamba nyekundu ili mutu asiuguse. Majani ya chini yalikuwa yameanza kupata madoa ya njano. Kila nikirudi kutoka Birere alinishika mukono: "Kuja uone. Bado. Lakini kuja uone."

Siku ile nilikuwa Birere. Muchana mabomu yalilia upande wa juu, na watu wakaanza kukimbia hata hawajui wanaenda wapi. Nilifunga kartoni yangu, nikapanda mbio. Nilipofika Munigi, kila mutu anafunga godoro. Baba alikuwa amekaa chini mbele ya bashi, kisu mukononi, anahema. Mifuko yote ilikuwa na visiki. Alikuwa amekata yote. Hata ule wa kamba nyekundu, maua yake yangali mabichi, mbegu ndani bado ni maji. Majani alikuwa ameyatandaza juu ya mawe meusi, na jua la saa nane limewasha mawe yale kama sahani ya kukaangia.

"Safari hii hawatavuta," akaniambia. "Hata moja."

Nikainama, nikagusa jani. Lilikuwa limekauka, linavunjika, na lilikuwa kijani kama chai. Halikupita kwa njano.

Na vita, ndugu zangu, siku ile haikuja. Mabomu yalizunguka mulima, yakaenda kwingine. Kesho yake asubuhi watu walifungua magodoro yao, mama jirani akarudi na kidumu chake. Katika mikimbio yote ya maisha yetu, hiyo moja ndiyo ilikuwa ya bure.

Baba alivunja jani, akajaza kiko, akawasha na kaa. Sisi tulimuzunguka, hata mama jirani. Akavuta. Nikaona macho yake yanajaa maji, na kifua kikaanza. Alikohoa mpaka akashika udongo kwa mikono yote miwili. Moshi ulikuwa unanuka nyasi inayoungua. Akavuta tena. Akajaribu mara ya tatu, kama mutu anayebembeleza mutoto mwenye hasira.

"Iko namna gani, Muzee?" mama jirani aliuliza kwa upole, bila kucheka.

"Iko kijani," baba akasema.

Tulijaribu kuyanyunyizia maji, tukayafunga ndani ya ganda la mugomba, tukangoja. Jani lililokufa kijani linabaki kijani. Mutu mumoja aliniambia baadaye kwamba hata huko kwenye mashini kubwa wanajua hivyo, jani likikaushwa kwa haraka, hata wakilitia sukari haitalisaidia. Sikuhitaji kuambiwa.

Tangu siku ile alianza kuniomba sigara. Alitoa pamba, akaitupa. Akapasua karatasi kwa ukucha, akamwaga tumbako ile ya mashini ndani ya kiko chake. Imekatwa nyembamba kama nywele, imekauka, inashika moto yote pamoja. Alikuwa anavuta, anainua mukono ili aanze habari, "Kulikuwa ng'ombe mumoja wa paji jeupe," na kiko kimekwisha kuzimika. Anakiangalia ndani. Anakigonga juu ya jiwe.

"Kimeisha?" anauliza. "Hata sijakumbuka kitu."

Nilimupa ingine. Nilimupa zote alizotaka, na hakuna iliyotosha kufika kwa mama yake yule ng'ombe. Alituacha wakati wa mvua kubwa, na habari ile sijui ilikuwa inaenda wapi.