Samaki wa Shangazi

Nilikwenda Lamu msimu wa maulidi kuangalia mashindano ya punda, na punda hata mmoja sikumwona akikimbia. Nilichofanya ni kula samaki wa watu. Nasema mapema ili aliyekuja kwa ajili ya punda apate nafasi ya kuondoka.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Makadara, mwanamke wa makamo. Sina mume, sina mtoto, na kwa wazazi wangu nilizaliwa peke yangu. Sisemi nihurumiwe. Nina nyumba tulivu na hakuna anayenimalizia maziwa. Nilichukua likizo, nikapanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti, na tangu nilipokanyaga gati la Amu, ndivyo wenyewe waitavyo Lamu, swali likawa moja tu: "Uko na nani?" Mchukuzi aliuliza. Mwenye nyumba ya wageni aliuliza, na nilipomjibu kwamba niko peke yangu alichungulia nyuma yangu, huenda wenzangu wamejificha ndani ya buibui. Asubuhi muuza halwa naye akauliza huku mkono uko kwenye mizani.

"Peke yako? Msimu huu?"

"Kwani punda wanakuja na nani?"

"Kila punda ana mwenyewe, Bi," alisema, akafunga halwa.

Nikalipa nikaenda zangu. Maneno yake yaliniudhi mpaka nilipofika pwani.

Pwani hapakuwa na pa kuweka mguu. Kanzu mpya, kofia mpya, watoto wa madrasa wakipiga matwari yao, na askari mmoja wa bara akiwaomba watu warudi nyuma kwa Kiswahili cha upole ambacho hakuna aliyekitii. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumshika bega ili aone mbele. Mimi niliona migongo. Niliona pia kwamba viatu vyangu vipya vimenichubua kisigino mpaka damu inatoka. Nikasema potelea mbali, nikaingia vichochoroni kutafuta kivuli, na mbele ya mlango mmoja uliokuwa wazi nikakuta daka, yale mabenchi ya mawe yaliyojengwa pamoja na nyumba. Nikaketi.

Sasa niseme nilichokuja kukijua baadaye, kwa sababu si haki mimi peke yangu niwe mjinga katika habari hii. Ndani ya nyumba ile mlikuwa na msichana aliyelelewa na bibi yake. Kijana mmoja wa Mombasa alimtaka, na yeye alimtaka kijana, alimtaka hasa, mpaka chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Kijana hana mama, kwa hiyo neno lilikuwa la shangazi yake. Na huku, kabla wanaume hawajaja na posa yao na maneno yao marefu, hutumwa mwanamke mmoja kumtazama binti. Huja peke yake, kimyakimya, na halwa mkononi, na msimu wa maulidi unafaa kwa kuwa mgeni mmoja zaidi hagunduliwi. Mwenye nyumba hamwulizi kilichomleta hadi ale ashibe. Mgeni naye hasemi. Akipendezwa, posa itakuja. Asipopendezwa, hushukuru kwa chakula akaenda zake, na hakuna aliyekataliwa kwa sababu hakuna aliyeuliza. Shangazi huyo alingojewa siku ile, kwa boti ya asubuhi.

Msichana alichungulia mlangoni, akaniona, akakimbia ndani. Nikamsikia akisema, "Bibi, kashafika!"

Bibi akatoka, mfupi, mwembamba, macho makali, akanipungia mkono niingie. "Ndoo ndani, ndoo ndani, mbona waketi nde kama si kwenu?"

Niliwahi kusikia kwamba watu wa Amu ni wakarimu. Nikaona kumbe si maneno tu.

"Watoka Mvita?"

"Naam, Mombasa."

"Umekuja peke yako?"

Nikajiandaa kwa ugomvi. "Peke yangu."

"Ndiyo vizuri," alisema Bibi. "Ndivyo inavyotakiwa."

Wallahi nilitaka kumbusu. Na kwa kuwa mtu haingii nyumba ya watu mikono mitupu, nikampa ile halwa niliyowanunulia wenzangu wa ofisini. Akaipokea kwa mikono miwili, akamtazama mjukuu wake. Msichana akaweka kiganja kifuani. Nikafikiri, loo, wanapenda halwa hawa.

Halafu msichana akaona kisigino changu. Alileta maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akapiga magoti, akaniosha, akanifunga kitambaa safi. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Nikamwambia asiogope, mguu hauumi.

Kisha kikaja chakula. Wali wa nazi, kamba, mkate wa mofa, kaimati, maji ya ukwaju, na katikati ya sinia, samaki changu mzima wa kupaka, mkubwa, ametandazwa. Nikawaambia tule pamoja. Bibi akasema wao wameshakula, na msichana akatazama pembeni. Basi nikala. Nilikuwa sijala tangu jana yake, na siku zote nikila hotelini hukaa karibu na choo, maana meza ya mtu mmoja huwekwa huko. Nilikula upande mmoja wa yule samaki, nikamgeuza, nikala wa pili. Bibi alinitazama kwa furaha ambayo sijawahi kumpa mtu yeyote kwa kutafuna tu.

"Nimependeza?" msichana aliniuliza ghafla, kwa sauti ndogo, akinimiminia maji ya kunawa.

Swali la ajabu, lakini wasichana ndivyo walivyo. "Umependeza sana, mwanangu."

Machozi yakamtoka. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kuna jambo.

"Hodi!"

Mlangoni alisimama mwanamke mnene mwenye miwani, buibui la kutariziwa, na furushi la halwa kubwa kuliko langu. Alihema. "Samahanini. Boti yetu ilizima injini katikati ya maji. Nimetoka Mvita."

Bibi alinitazama mimi. Mimi nilimtazama samaki, yaani mifupa yake. Nikayaunganisha moja baada ya jingine: halwa, kitambaa, "ndivyo inavyotakiwa", machozi. Astaghfirullah. Nilikuwa nimekula ndoa ya mtoto wa watu na vidole nikalamba.

Msichana alikuwa amesimama na birika mkononi, uso umemwishia damu. Ningeweza kuvumilia kutukanwa. Kumtazama yule mtoto sikuweza.

Bibi hakupepesa jicho. "Karibu, karibu sana. Tumekuwa na wewe moyoni tangu asubuhi. Na huyu," akanielekezea kidole kilichonyooka kama msumari, "ni shangazi yake mtoto, dadake marehemu babake. Kafika kutoka Mvita na njaa, tukamtangulizia kidogo."

Kidogo. Mgeni alitazama sinia.

"Shangazi wa Mombasa?" aliuliza. "Sehemu gani?"

"Makadara."

"Mimi Kuze, hapo hapo! Mbona sijapata kukuona?"

"Sitoki sana," nikasema. Hilo lilikuwa kweli. Niliamua kwamba uongo wote nitamwachia Bibi, aliyeonekana kuumudu.

Bibi akasimama kwenda kutafuta chakula kingine, na mimi na msichana tulijua kwamba jikoni hakuna. Lakini nyumba ile imeunganishwa na ya jirani kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro kama daraja, na msimu wa maulidi hakuna jiko lisilokuwa na sufuria. Nikasikia nyayo juu ya dari, zikienda mbio, zikirudi polepole zikiwa na mzigo. Biriani lilishuka ngazi kana kwamba lilipikwa kwetu. Nimesema kwetu. Wakati ule nilikuwa nimeshazama.

Mgeni alikula. Msichana akapita kumletea maji, na alipokuwa akirudi akasimama mbele yangu. Sasa alijua kwamba mimi si mtu kwake, ni mpita njia aliyemharibia siku yake kubwa kwa tamaa ya samaki. Nikateremsha macho. Akainama, akakigusa kitambaa cha kisigino, akaona kimelegea, akakikaza. Akaniwekea mto mdogo chini ya mguu, akaenda zake.

Nikaiweka bilauri ya ukwaju mbele ya uso, nikajifanya nakunywa.

Bibi alipotoka kwenda kuandaa kahawa, mgeni alinisogelea, akashusha sauti. "Mwenzangu, sisi ni mashangazi. Bibi atamsifu, hiyo ni kazi yake. Kijana wetu kakua bila mama, nimemlea mimi, na nikikosea leo nimemkosea yeye maisha. Niambie wewe, damu yake. Huyu mtoto yukoje?"

Nilitaka kukimbia. Mtoto mwenyewe nilikuwa hata jina lake sijaliuliza. Lakini mwanamke huyu aliniuliza kwa dhati, macho yake yalikuwa yamelowa nyuma ya miwani, na uongo nilikuwa nimeshamwachia Bibi.

"Nilifika na kidonda," nikasema. "Akanifunga. Ukitaka, sema alijipendekeza, mgeni ni mgeni. Lakini baadaye nilimfanyia jambo baya. Leo hii, humu humu ndani. Alikuwa na haki ya kunichukia mpaka kufa. Akarudi kuangalia kama kitambaa kimelegea."

"Jambo gani?"

"Mambo ya jamaa."

Mgeni alinitazama, halafu akaitazama mifupa ya samaki, kisha mto ulio chini ya mguu wangu. Sijui alielewa kiasi gani. Mtu wa Kuze si mjinga.

"Mambo ya jamaa nayajua," alisema, akanawa mikono. Alipokuwa akiondoka alimwita msichana, akamvua ushungi kidogo, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia Bibi, "Wanaume watakuja kabla wageni hawajamalizika mjini." Msichana akakimbilia ndani, na tukasikia kitu cha bati kikianguka huko jikoni.

Nje matwari yalikuwa yakipita, na watu wakishangilia punda wa mtu. Nikavaa viatu. Nilimwomba Bibi radhi kwa kila kitu, nikianza na samaki.

"Alikuwa samaki mzuri," alisema Bibi, mkavu. "Nilimchagua mwenyewe." Kisha akanishika mkono mlangoni, pale pale penye daka. "Harusini utakuya."

"Bibi, mimi..."

"Huna ndia. Yule mwanamke atauliza shangazi yuko wapi, mimi nimwambie nini?" Akanitazama tangu ushungi hadi kitambaa cha kisigino. "Utakuya na nani?"

Nikaona haya kulisema neno hilo, kwa mara ya kwanza siku ile. "Peke yangu."

"Basi uye mapema," alisema. "Shangazi si mgeni. Shangazi hupokea wageni."