Kioo Kilichochelewa Kila Siku

Ipo siku, mwanangu, nilipogombana na vipande vitatu vya kioo, vidogo kama punje za mahindi. Nilikuwa fundi kijana katika karakana moja ya mtaa wa Jericho, tukiunda kifaa cha kupima unyevu wa hewa, kitakachopanda na setilaiti ndogo. Ndani yake kilihitajika kioo kimoja kinachotetemeka kwa mpigo kama moyo wa saa, ili kifaa kisipotewe na wakati. Kikishapaa, hakuna kukishusha ukibadilishe. Na wa kutia sahihi ya kukikubali nilikuwa mimi, msichana mwenye haraka zake.

Nilivipima siku nne, kila asubuhi saa tatu, nikilinganisha na ishara ya saa ya GPS. Cha kwanza kilirukaruka, leo mbele kesho nyuma, nikakiweka kando. Cha pili kilichelewa. Cha tatu, sawa kabisa! Nikashika kalamu.

Mzee Wafula, aliyenifunza kazi, akaniuliza, "Mchana umekipima?"

"Mchana haya mabati yanachoma, Mzee. Nani atakaa humu?"

"Na huko juu utakiwekea mwavuli? Kila saa moja na nusu kinazunguka dunia. Jua, baridi, jua, baridi."

Basi nikapima saa nane mchana, jasho likinitiririka. Cha tatu, kioo changu kizuri, kilikuwa kimepotea wakati kabisa, na jioni kikaja na namba nyingine tena. Cha pili kilichelewa kiasi kilekile, asubuhi, mchana na jioni. Nikachanganyikiwa. Kimoja hakisemi kweli hata mara moja, kingine huisema asubuhi tu. Sasa nichague mwongo yupi? Nilikasirika karibu nilie.

"Mama Njeri wa chapati husema anafungua saa kumi na mbili," Mzee akasema. "Hufungua saa ngapi?"

"Kumi na mbili na robo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe ushawahi kukosa chapati?"

Sikuwahi. Nilikuwa nafika na robo.

Nikatia sahihi kwa cha pili, ingawa niliona kama ninabariki kosa. Kifaa kiko juu hadi leo. Bado kinachelewa kiasi kilekile, nasi tunakiongeza kiasi hicho kwenye hesabu.

Kwa hiyo, mwanangu, usichague kitu, wala mtu, kwa uzuri wake wa saa tatu asubuhi. Rudi saa nane, mabati yakichoma, umtazame tena. Mungu akupe watu wanaobaki walewale juani na kwenye baridi, nawe akufanye mmoja wao.