Jirani Aliyeomba Maganda

Mvua kubwa ya kwanza ilipoanza kupiga mabati, wengi wetu kwenye avenyu yetu, hapa komini ya Kenya (si nchi, ni mtaa wa mji wetu wenye jina hilo), tulikuwa na desturi moja: kumwaga takataka za wiki nzima mferejini ili maji yazichukue. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha watoto usafi. Mwaka ule nilimwaga ndoo mbili bila hata kutazama pembeni.

Kesho yake asubuhi alibisha mama mmoja wa upande wa chini wa avenyu, mjane, mshonaji, ambaye wazazi wake walitoka mkoa wa Maniema. Tulikuwa tukisalimiana tu. Mkononi alishika daftari lililovimba kwa maji. Alikuwa amezipiga pasi kurasa zake, moja moja.

"Jambo, mama. Hii kaye iko ya mutoto wako?"

Jina la binti yangu lilisomeka kwenye jalada. Nikakubali; lilikuwa limetoka kwenye ndoo zangu.

"Niliikutaka chini ya kitanda yangu. Maji iliingia mu nyumba."

Sikujua niweke wapi macho. Nikamwomba msamaha, nikangoja matusi, maana mimi ningeyatoa.

"Sikuya kwa kugombana," akasema. "Nilikuya kukuomba maganda."

Alitaka maganda ya muhogo na ya viazi, mboga zilizooza, na majivu kidogo ya makaa. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amechimba shimo la kuozeshea mbolea. Udongo wetu mwekundu ni mgumu kama tofali, na yeye alitaka kulima. Nilianza kumpelekea ndoo kila jioni, kwa aibu kwanza. Aliichungulia kabla ya kuipokea, akinirudishia mifupa kwa sababu ya mbwa.

Baadaye akapita nyumba kwa nyumba. Siku moja nilimsindikiza kwa fundi wa magari, mtu mkali, ambaye hakuinua hata kichwa.

"Takataka iko kazi ya Leta," akamwambia, yaani ya serikali.

"Iko kweli, papa. Siku Leta itakuya, nitaipatia yake. Leo unipatie mimi."

Fundi akacheka, akaenda kuita mke wake alete ndoo.

Chupa za plastiki aliziosha, wakazichukua wanawake wanaouza mafuta ya ngazi, yaani mawese, sokoni. Mifuko ya plastiki ilimshinda, naye hakuficha. Tukaafikiana iwekwe kando, na msukuma mkokoteni aipeleke jaani kila Jumamosi. Mvua zilizofuata, maji hayakuingia kwake. Wa juu ya avenyu wapo bado wanaomwaga, na mara nyingi nimemkuta ndani ya mfereji na jembe, kitenge amekifunga magotini, akizibua peke yake. Siku hizo naweka mkoba chini na kuingia pia.

Shimo lilitoa udongo mweusi, laini, na juu yake lengalenga, aina ya mchicha, zilizonifika kiunoni. Sasa nawapeleka wanafunzi wangu kujifunza pale. Mara moja msichana mmoja alimwuliza kama hakukasirika nyumba yake ilipojaa maji.

"Nilikasirikaka sana," akajibu. "Nililia na nilitukana usiku muzima. Asubuhi nikaona kasirani haikaushe godoro."

Kisha akampa jembe, akamwonyesha namna ya kugeuza maganda bila kujirushia usoni.