“Papa, siku utasafiri”

Juzi nilikuwa nimeketi mu korido ya biro moja ya asiransi, ile bima, nangojea karatasi ya motoka ya mutoto wangu. Mulango wa chumba cha egzame, ule mutihani wa kazi, ulikuwa wazi. Binti mumoja alikuwa anatafuta ruhusa ya kuuza asiransi, na akianguka tena, kazi imekwisha.

“Tufanye mimi ni kiliya wako, mununuzi,” mukubwa wa egzame alimwambia. “Uniuzishe asiransi ya maisha.”

“Papa, siku utasafiri…”

“Nitasafiri wapi? Sakania?”

“Siku utapumzika, papa…”

“Nani amechoka? Sema: ukikufa! Bila lile neno, ruhusa hakuna.”

Kwetu, kumwambia muzee vile ni kumulaani. Binti alifuta jasho, akakunja magoti, akapiga makofi ya heshima polepole.

“Pardon, papa. Ukikufa kesho, batoto batakula nini?”

Papa aliruka. “Eh! Kesho? Kwa nini kesho?”

“Basi papa, ulipe leo.”

Mukubwa alimutilia saini ku ruhusa. Lakini saa ya kutoka nilimuona ule papa anashuka ngazi ameshika ukuta, anapima kila kidato na muguu. Na mimi, bandugu, pikipiki ya kunirudisha kwetu, mu mutaa wa Kenya, niliikataa. Nilienda kwa miguu, kandokando ya barabara.