Ukuta Uliopakwa Rangi Ukavunjwa

Mafundi walimwita Bwana Nakuja, maana neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Alikuwa msimamizi wa mradi wa kujenga zahanati. Simu ikilia, "Nakuja!" Ikilia nyingine kabla hajafika, anageuza njia. Asubuhi kikao ofisini, mchana kikao cha kueleza kile cha asubuhi. Jioni anafika kwake hoi, mkewe akimuuliza leo amefanya nini, anabaki kujikuna kichwa. Kweli, amefanya nini?

Siku moja alikuta fundi rangi na fundi bomba wameshikana mashati. Ukuta wa chumba cha sindano, uliopakwa rangi jana ukang'aa, ulikuwa umechimbwa mtaro kutoka juu mpaka chini.

"Muulize mwenyewe huyo hapo!" fundi rangi alifoka. "Bosi, si ulisema nipake?"

"Na mimi si ulisema nipitishe bomba?" fundi bomba akadakia.

Wote wawili walikuwa wamempigia akiwa kikaoni, na wote aliwajibu, "Sawa, endelea." Yeye hakukumbuka hata neno moja. Aliketi juu ya mfuko wa saruji, kichwa kikimzunguka kama pia. Mtu anawezaje kuhangaika kutwa nzima, halafu matunda yake yawe shimo ukutani?

"Mshika mbili moja humponyoka," mkewe alimwambia jioni ile. "Wewe, mume wangu, hata hujui umeshika ngapi."

Kesho yake alizima simu, akawakusanya mafundi, wakapita chumba kwa chumba. Alimwuliza kila mmoja: leo unagusa wapi, na unamsubiri nani? Basi. Yeye mwenyewe hakushika hata mwiko. Alijihisi mzembe, kama mtu aliyetoroka kazini.

Alipowasha simu, mkurugenzi wake alipiga, akamwakia. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Kazini, mzee."

"Kazi gani hiyo ya kutopokea simu?"

Hata yeye alikuwa akijiuliza hivyo hivyo. Aliomba tu kikao cha asubuhi kihamishiwe mchana, ili kila asubuhi apite kwa mafundi. Mkurugenzi akaguna. "Haya. Tutaona."

Tangu hapo hakuna ukuta uliovunjwa. Chumba cha sindano kilipigwa plasta upya, mabomba yakiwa ndani, ndipo rangi ikafuata. Na siku moja, jua bado kali, Bwana Nakuja aligundua kwamba hakuna anayemwita. Alitikisa simu, akidhani imeharibika. Akazunguka jengo zima akitafuta tatizo, asilione.

"Bosi," fundi bomba alimwambia akiwa amechuchumaa chini ya sinki, "kama huna la kufanya, nenda kapumzike. Unanizibia mwanga."

Mkewe alipomwona mlangoni mapema vile, alishika kifua. "Jamani! Wamekufukuza?"

"Hapana," alisema, akivua viatu polepole. "Nadhani nimemaliza kazi ya leo."

Alivyotamka, ungedhani anauliza.